Ua la pembe na kiangazi cha Iringa

Kila mwaka ikifika Agosti, upepo unapoanza kuingiza vumbi la mtaa wa Kihesa hadi kabatini, watu huanza kunionyesha picha za maua yao ya pembe. Picha zenyewe zinafanana. Kuna majani marefu ya kijani yaliyogawanyika ncha, na chini yake, pale mmea ulipong'ang'ania ubao, kuna majani mengine mapana ya duara, makavu, rangi ya kahawia. Na swali ni lile lile: hili bado ni zima kweli? Niyabandue haya yaliyokauka?

Usiyabandue. Ningeruhusiwa kumwambia jambo moja tu mtu anayefuga mmea huu kwenye ukavu wetu, ningemwambia hilo na kunyamaza.

Tunaliita ua, ila ni kangaga: halichanui wala halitoi mbegu. Lina majani ya aina mbili, na kila aina ina kazi yake. Yale marefu ndiyo yanayotengeneza chakula, na yakikomaa hubeba spora, chembe ndogo za kuzalia, upande wa chini karibu na ncha, ule unga wa kahawia ambao wengi hudhani ni ugonjwa wakaukwangua kwa kisu. Yale ya duara, ambayo mimi huyaita ngao, huchipua katikati yakiwa ya kijani na laini, yakajibana kwenye gome la mti au ubao, kisha yakakauka. Kukauka huko ndiko kukomaa kwake. Ngao mpya hulala juu ya ile ya zamani, mwaka baada ya mwaka, mpaka unapata tabaka nene la majani makuukuu lililopenywa na mizizi midogo midogo. Humo ndimo maji yanamokaa. Humo pia ndimo majani yaliyodondoka kutoka matawi ya juu, vumbi na kinyesi cha ndege huoza vikawa mbolea. Anayebandua ngao amebomoa tangi la maji na ghala la chakula kwa mkono mmoja, halafu anashangaa mbona ua limenywea.

Liangalie kwa karibu asubuhi moja. Geuza jani kuelekea mwanga, utaona limefunikwa na manyoya mafupi meupe yanayolipa ile rangi ya fedha. Ukipata kioo cha kukuzia, utaona kila unywele umetoa matawi kutoka kitovu kimoja, umbo la nyota. Manyoya haya hupunguza kasi ya maji kupotea jani linapopigwa na jua na upepo. Ndiyo maana nasikitika sana ninapomkuta mtu anapangusa majani kwa kitambaa chenye maziwa au mafuta ya kupikia ili yang'ae. Kwa mimea yenye majani magumu ya kung'aa, sawa. Kwa hili unaling'oa kinga yake, na jani lililokwisha kupoteza manyoya halioti mengine. Vumbi lioshe kwa maji matupu, ukimiminia kutoka juu kwa kopo lenye matundu madogo, basi.

Wengi huamini kwamba huu ni mmea wa kigeni uliokuja na wapenda bustani. Aina iliyojaa vitaluni, Platycerium bifurcatum, kweli asili yake ni mashariki mwa Australia. Lakini ukoo mzima una aina zipatazo 18, na umetapakaa Afrika, Madagaska, kusini-mashariki mwa Asia na Australia, na aina moja iko Amerika ya Kusini. Sisi pia tunazo zetu. Misitu ya pwani ina Platycerium alcicorne, ambayo inaota pia Madagaska na Komoro. Halafu kuna Platycerium elephantotis ya Afrika ya tropiki, ambayo majani yake hayagawanyiki hata kidogo. Ni mapana, yananing'inia, na jina lake la kisayansi limetokana na masikio ya tembo. Ngao za hii hazijibani tu kwenye mti. Zinasimama wima kwenda juu na kufanya mfuko ulio wazi, unaopokea mvua na majani yanayoanguka. Kwangu mimi hakuna kangaga zuri kuliko hili. Limezoea maisha ya msimu wa mvua na msimu wa ukame, kwa hiyo kiangazi chetu halikiogopi. Linachoogopa ni baridi. Kipupwe cha Juni na Julai kikibisha hodi, liingize ndani, hasa usiku.

Tukumbuke tuko wapi. Mji wa Iringa uko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mvua yetu ni ya msimu mmoja: huanza Novemba au Desemba, ikakatika Aprili au mwanzoni mwa Mei. Milima ya Udzungwa imekaa kati yetu na Bahari ya Hindi. Upepo wenye unyevu ukifika pale hupanda, ukapoa na kumwaga mvua yake upande wa Kilombero, ambako misitu ni minene na hailali njaa ya maji. Upande wetu wa magharibi tunapokea hewa iliyokwisha kukamuliwa. Ndugu zetu wa Mufindi walio kwenye chai na ukungu wana shida nyingine kabisa, ya baridi kali, na ushauri wangu mwingi hapa hauwahusu.

Kwa hiyo adui namba moja hapa mjini ni upepo. Watu huogopa joto, lakini joto la Iringa, hata la Oktoba mijakaranda inapochanua, ua la pembe linalimudu likiwa na maji na kivuli. Upepo mkavu unaopita mchana kutwa ndio unaoanza kuzikausha ncha, kisha ukaingia mpaka kwenye ngao. Nimeona ua limetundikwa kwenye nguzo ya kona ya baraza, mahali panapopendeza sana kwa mgeni anayeingia getini, na pale ndipo upepo unapokata kona. Likihamishiwa ukutani, hatua chache tu, linapona. Kabla hujatundika, simama pale saa nane mchana ukiwa umeshika uzi mwepesi. Uzi ukipeperuka muda wote, hapafai.

Upande wa mashariki wa nyumba ndio ninaoupenda. Jua la asubuhi hadi kama saa tatu na nusu halina madhara, linatia nguvu. Baada ya hapo litafutie kivuli chenye mwanga, kama cha chini ya mwembe au mparachichi. Jihadhari na baraza la bati lisilo na dari: bati likipata moto, joto lote linashuka juu ya ua, na mwenyewe hujui kwa sababu wewe umekaa chini kabisa kwenye kiti. Ukuta mweupe unaotazama magharibi nao huunguza kwa mwanga unaorudi. Kama huna mti, neti ya kivuli inayozuia nusu ya jua inatosha.

Sasa maji, ambako makosa mengi ya watu huanzia kwenye kalenda. "Nimwagilie mara ngapi kwa wiki?" Siwezi kukujibu, na anayekujibu bila kuliona ua lako anakubahatishia. Ua dogo lililofungwa mwezi uliopita na ua kubwa lenye ngao za miaka havikauki kwa kasi moja. Lililofungwa kwenye ubao linyanyue. Kila siku, ukipita, weka kiganja chini ya ubao unyanyue kidogo. Baada ya muda mfupi mkono wako utaijua tofauti ya uzito kati ya ua lililoshiba na lenye kiu, na hapo hutamuuliza mtu tena. Likiwa jepesi, lishushe, lizamishe kwenye karai la maji upande wa ngao kwa robo saa hivi, mpaka mapovu yaishe kutoka. Litoe, liegemeze lichuruzike, lirudishe. Maji yaliyobaki karaini wape mchicha. Wakati wa kiangazi kikali linaweza kudai hivyo mara mbili kwa wiki, na ua dogo hata zaidi; kipupwe kikitawala, wiki inaweza kupita bila kuligusa. Siku za baridi fanya kazi hiyo asubuhi, ili usiku usilikute limeloa.

Kurashiarashia majani kwa chupa ya dawa ya kupulizia ni kazi inayomfurahisha mwenye ua kuliko ua lenyewe. Kwenye hewa yetu ya Septemba ule umande umekwisha kabla hujairudisha chupa mahali pake. Ukitaka kulisaidia, lipange karibu na mimea mingine, na mwagia sakafu au udongo wa chini yake mchana.

Dada yangu anaishi Itunundu, Pawaga, kule chini bondeni kwenye mpunga wa umwagiliaji, ambako joto linafanya watu watoe vitanda nje. Ua lake la pembe ni kubwa kuliko yote niliyonayo. Lipo kwenye mwembe kando ya mfereji, na kwa kuwa haliwezi kunyanyuliwa, nilitaka kujua analipimaje.

"Nalibonyeza, mdogo wangu," alinijibu, akaweka kifundo cha kidole kwenye ngao. "Sikia."

Ngao ikatoa mlio mkavu wa majani yanayovunjika. Akachota ndoo moja mferejini, akamimina taratibu kutoka juu, pale mwanzo wa mfuko, akasubiri, akamimina tena. Alipobonyeza mara ya pili hapakuwa na mlio. Ngao ilibonyea kimya na ilikuwa ya baridi kwenye kidole.

"Likilia, nalinywesha. Likinyamaza, naliacha."

Mwembe ule unalifaa kwa sababu nyingi. Gome lake lina mikwaruzo ya kushikia mizizi, kivuli chake ni cha mwaka mzima, na mfereji chini unatoa mvuke jioni nzima. Na mwembe wenyewe haudhuriki. Hili nalisema kwa sababu jirani zake walimshauri alikate wakidhani linanyonya mti. Ua la pembe halina mzizi unaoingia ndani ya mti, linaukalia tu. Mbolea yake ni ile inayodondoka juu yake na maji ni ya mvua au ya kumwagiwa.

Lakini kinachofanya ua la dada liishi Pawaga ni ukubwa. Ni kundi. Ua moja la mwanzo lilizaa machipukizi pembeni, machipukizi yakatoa ngao zake, ngao zikafunikana, na sasa huwezi kujua lipi ni mama. Mwaka 2021, K. C. Burns wa Chuo Kikuu cha Victoria cha Wellington, Nyuzilandi, pamoja na wenzake walichapisha katika jarida la Ecology utafiti kuhusu makundi ya Platycerium bifurcatum katika kisiwa cha Lord Howe, Australia. Waliona kwamba mimea ndani ya kundi moja haifanani. Ile ya juu ina majani yanayoelekeza maji kuingia katikati ya kundi. Mingine, hasa ya chini, ni hodari zaidi wa kunyonya na kutunza maji hayo. Na mingi haitoi spora kabisa. Mara nyingi wanakundi walikuwa na jeni zile zile. Watafiti wakauliza kama huu si mgawanyo wa kazi unaofanana na ule tunaoujua kwa nyuki na mchwa. Wataalamu wataendelea kulijadili hilo neno. Mimi nililiona ua la dada kwa macho mapya: yale machipukizi madogo ya chini, ambayo nilikuwa nikiyaona hayana faida, yalikuwa yameshika maji.

Na hapa ndipo ninapogombana na desturi yetu nzuri. Huku kwetu ua likipendeza, jirani anasema, "Nikatie na mimi mche," na kumnyima mtu mche ni uchoyo. Nakubali. Mimi mwenyewe karibu kila kitu kilichopo uani nilipewa. Lakini ua la pembe likikatwa Agosti, aliyekata na aliyekatiwa wote wanapoteza. Kipande kidogo kina ngao moja au mbili, hakina akiba, na kinakauka siku ile ile unapochelewa. Kundi lililobaki lina jeraha wazi upepo unakoingilia. Ua lile lile likigawanywa Desemba, mvua zikiwa zimeshika, kila upande unapona. Kwa hiyo mtu akiniomba kiangazi, namwonyesha kipande chake, namfungia uzi mwekundu tuelewane kwamba ni chake, na namwambia aje mvua zikianza. Hakuna aliyenikasirikia. Wengine hupita kuliangalia lao linavyoendelea.

Kuhusu ubao wa kufungia sitakaa sana. Mninga unadumu, msindano mtupu utaoza baada ya miaka michache, jambo ambalo si baya kama uko tayari kuliongezea ubao mwingine nyuma. Ukienda Mafinga kwenye mashine za mbao utapata mabanzi yenye gome bado, na hayo yanashika mizizi vizuri sana. Usitumie kabisa mbao au vipande vya nguzo vilivyotiwa dawa ya kuzuia mchwa, maana nyingi ya dawa hizo huwa na shaba, na kangaga halipatani na shaba. Kwa sababu hiyo hiyo usifunge kwa waya wa shaba. Mshipi wa kuvulia samaki unafaa. Hauonekani na hauozi.

Kati ya ubao na ua panahitajika kitu cha kushika maji. Maelekezo mengi yanasema makumbi ya nazi, lakini nazi zinazopanda hadi soko letu kuu huwa zimekwisha kufuliwa, makumbi yamebaki huko zilikotoka. Ukipata mtu wa kukuletea gunia moja, mshukuru. Ukikosa, changanya magome ya misindano yaliyopondwa na majani yaliyooza nusu ya chini ya miti, yafunge ndani ya kipande cha kikapu kikuukuu cha milulu. Kikapu cha milulu kinapitisha hewa, kinashika unyevu, na kinaoza taratibu wakati ngao zinakifunika. Kitu cha kuangalia wakati wa kufunga ni kitovu, ile sehemu yenye manyoya katikati majani yanakochipukia. Kiache wazi kabisa na kikae upande wa juu. Kikifukiwa, kinaoza.

Mbolea ni kidogo na ni ya msimu wa mvua tu, ua linapokua. Maji ya samadi iliyooza vizuri, yaliyochujwa na kuongezwa maji mengi, mara moja kwa mwezi. Wapo wanaoingiza maganda ya ndizi nyuma ya ngao. Huku kwangu yaliita sisimizi na panya, nikayaacha.

Wadudu gamba wakiingia, vile vidoa vigumu vya kahawia kwenye mshipa wa jani, vitoe kimoja kimoja kwa pamba yenye spiriti. Dawa zenye mafuta na maji ya sabuni ya unga huharibu manyoya, nami sizishauri. Weusi laini unaoanzia kwenye ngao na kupanda kwenye majani ni jambo zito zaidi: ni kuvu, na maana yake ni kwamba maji yamezidi na hewa haipiti. Kata sehemu iliyoathirika, acha ua likauke vizuri, lisogeze penye hewa ya wastani. Wenye huruma nyingi ndio wanaokumbana na hili. Majani yakilegea, wanaongeza maji bila kunyanyua ubao, kumbe mizizi imeoza na majani yamelegea kwa sababu hiyo.

Mwisho nina ombi kuhusu mahali pa kununua. Ukikutana na ua la pembe limebanduliwa pamoja na kipande cha tawi na gome, ngao zimechanika, muuzaji hajui lilikotoka, basi limetoka msituni. Kangaga hili huanza na spora isiyoonekana vizuri kwa macho, ikatua mahali penye unyevu, ikatoa kijani kidogo chembamba chenye umbo la moyo, na hata hapo linahitaji tone la maji ili mbegu ya kiume iogelee kufikia yai. Miaka inapita kabla hujaliona ukubwa wa sahani. Kundi kubwa juu ya mti wa msituni limekuwa hapo kwa muda mrefu, na lina sisimizi, vyura na wadudu wanaoishi ndani yake. Udzungwa ni hifadhi ya taifa tangu 1992. Kung'oa mmea humo ni kosa la jinai, na nje ya mipaka yake bado ni hasara. Tena hayo ya kung'olewa hufa sana, kwa sababu yameachanishwa na akiba yake yote kwa siku moja.

Tafuta mwenye kundi, hapa mjini wapo, mwombe chipukizi lenye upana wa kiganja na ngao zake mwenyewe. Mwende mkalikate pamoja mwezi wa 12 au wa kwanza, kwa kisu chenye makali, mkichimba nyuma ya ngao ili mizizi itoke nayo. Lifunge siku hiyo hiyo, liweke kivulini, na kwa wiki za mwanzo usiliache likauke kabisa. Usisubiri Machi. Linahitaji muda wa mvua wa kutosha kutoa ngao ya pili na kuibana kwenye ubao kabla upepo wa Juni haujaanza.